Mlima wa Futi Kumi na Mbili

Kanga mbili zilitosha kumfunika Magreti kuanzia utosini hadi nyayoni, lakini hazikutosha kulificha tumbo lake. Walikuwa wamemlaza kwenye nyasi chini ya tuta la reli, maili tatu kabla ya kuingia Kilosa mjini. Treni ya mizigo iliyotoka Kidatu ilikuwa imesimama mbele kidogo. Pikapu ya kijiji cha Tindiga ililala ubavu kando ya reli, bodi lake la nyuma limebonyea kama debe lililokanyagwa.

Inspekta Melkizedek Senyagwa alifunua kanga mara moja, akafunika, akaandika kwenye kijitabu chake: Jumatatu, 24 Februari 1975, saa tisa na robo alasiri. Alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ya polisi. Maiti alikwisha kuzizoea, lakini maiti ya mjamzito hakuwahi kuizoea, wala hakutaka.

"Dereva yuko wapi?" aliuliza.

"Yule pale, Afande," alijibu Konstebo Marko. "Hana hata jeraha la maana. Ndiye mume wa marehemu."

Yohana alikuwa amekaa chini na kiatu kimoja mguuni. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na mitano, na alikuwa dereva wa kijiji tangu Tindiga ilipopewa pikapu hiyo kutoka shamba la mkonge lililotaifishwa. Hakungoja kuulizwa.

"Nimemuua," alisema. "Andika hivyo. Nimemuua mke wangu."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi umemuuaje?"

"Nilihesabu vibaya."

Senyagwa akachuchumaa ili watazamane vizuri. "Ulikuwa unahesabu nini?"

"Honi ya darajani."

Ikabidi Marko, aliyekuwa ameoa Tindiga, amfafanulie mkubwa wake. Sheria ilisema gari lisimame chini ya tuta na kungoja treni ipite. Lakini treni za Kidatu zilikuwa na tabia ya kusimama hapo hapo kivukoni, barabara inapokatiza reli juu ya tuta, zikingoja ruhusa ya kuingia stesheni, mabehewa yameziba barabara saa nzima, siku nyingine mbili. Watu wa Tindiga wakajitungia utaratibu wao. Gari lilisimama chini ya tuta, abiria wote wakashuka ili liwe jepesi, wakapanda kwa miguu. Mgonjwa peke yake ndiye aliyebaki juu. Treni ikipiga honi kwenye daraja la chuma, gari halikungoja; liliondoka kuiwahi, na watu wakaanza kuhesabu. Kichwa cha treni kilifika kivukoni kwenye thelathini na tano. Pikapu, ikiondoka chini ya tuta, ilikuwa ng'ambo kabla ya kumi na tano. Miaka saba utaratibu huo haukuwaangusha hata siku moja.

"Na leo?" Senyagwa alimgeukia Yohana.

"Kwenye kumi na tano nilikuwa hata reli sijaikanyaga. Kwenye ishirini injini ikaanza kukoroma. Ishirini na nne ikazima, magurudumu ya nyuma yako juu ya reli. Nikawasha, ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Magreti akaniita. Aliniita jina tu, wala hakupiga kelele." Yohana alitazama kiatu chake. "Uchungu wake ulinichanganya. Nilihesabu vibaya."

Marko akamfunga pingu. Yohana alinyoosha mikono mwenyewe, kama mtu anayepimwa shati.

Aliyekuwa ameandamana na mgonjwa ni mama mmoja mtu mzima, Mwanakheri, mkunga wa kijiji. Alikuwa amesimama peke yake, mikono imejaa mavumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Pole sana. Dereva alikuwa amekunywa?"

"Yohana? Huyo hata togwa ikichachuka haigusi."

"Anasema alihesabu vibaya."

"Mwongo." Alilisema neno hilo kwa huruma. "Mimi nilikuwa nyuma ya gari nakwea kwa miguu, nami nilihesabu. Sote huhesabu. Watoto wa Tindiga wanajua hesabu hiyo kabla hawajapelekwa shule. Alihesabu sawasawa."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Gari, baba. Gari halikuwa letu."

Senyagwa akaitazama pikapu. Rangi ya kijani iliyochujuka, jina la kijiji mlangoni, namba zile zile.

"Ni lenu, mama. Limeandikwa."

"Limeandikwa, ndiyo. Lakini la kwetu hupanda tuta kwa kishindo, mpaka unamwonea huruma aliyekaa nyuma. Hili lilipanda likijikokota, kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake."

Senyagwa aliandika maneno hayo neno kwa neno. Hakujua yatamfikisha wapi.

*

Asubuhi ya Jumanne Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimwita ofisini, na hakumkaribisha kiti.

"Mtuhumiwa amekiri. Unatafuta nini tena?"

"Amekiri upesi mno, Afande. Mtu wa namna hiyo anatafuta adhabu. Ukweli hana haja nao."

"Kijiji kinadai gari lake. Wengine wameanza kusema ni hujuma. Ijumaa saa nne hakimu atamsomea shtaka la kuua bila kukusudia, na kwa maungamo yale atakwenda jela, tena si kwa mwaka mmoja. Kama una jingine, lilete kabla ya hapo."

Yohana alikuwa na watoto wengine wawili, mkubwa miaka minane. Senyagwa aliwaza hilo akiteremka ngazi, akajikataza kuliwaza. Akamwagiza Marko amletee kila kilichotoka ndani ya pikapu.

Havikuwa vitu vingi. Spana, kamba ya katani, sanduku dogo la mabati lenye nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri, na daftari la safari. Sanduku alilifunga haraka. Daftari akalifungua.

Kumbe Yohana alikuwa mtu wa utaratibu. Kila safari aliandika tarehe, alikotoka, alikokwenda, na maili zilizosomeka kwenye dashibodi. Mara mbili kwa mwaka pikapu ilipelekwa Mikumi kwa matengenezo, kwenye gereji ya ushirika kando ya barabara kuu. Kutoka Mikumi hadi Tindiga: maili arobaini. Mwaka uliotangulia, arobaini. Mwaka wa nyuma yake, arobaini na nusu, maana mto ulijaa wakazunguka.

Safari ya mwisho ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya kifo. Kutoka gereji Mikumi hadi Tindiga: maili thelathini.

Senyagwa aliusoma mstari ule mara tatu. Barabara haikuwa imefupishwa. Akateremka mahabusu.

"Jumamosi ulipita njia gani kutoka Mikumi?"

"Ile ile ya siku zote."

"Umeandika maili thelathini."

"Niliandika nilichokiona. Nilidhani kihesabu maili kimeharibika."

"Gari lilikuwaje njiani?"

Yohana alifikiri, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa dereva. "Zito kuondoka. Likishachanganya linakwenda vizuri, tena kwa mbio kuliko zamani, na injini haipigi kelele. Ila kuondoka, zito. Nilimwuliza fundi kabla sijatoka gereji. Akaniambia injini imefunguliwa, bado haijazoea, nilivumilie wiki moja."

"Fundi nani?"

"Stefano."

*

Kambi ya Ujenzi ya Kilosa ilikuwa na fundi mmoja aliyekaribia kustaafu, Timotheo. Alikuwa ameanza kazi kwenye shamba la mkonge enzi za Mgiriki mwenye shamba, na pikapu ile aliijua tangu ikiwa mpya. Walimkuta amelala chini ya mabaki yake, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja nitoke." Akatoka, akafuta mikono kwa tambara. "Mmeniletea mzoga mnataka nini?"

"Gari likisoma maili thelathini mahali pa arobaini, shida ni nini?"

Alichukua chaki, akachora alama moja kwenye gurudumu la nyuma na nyingine kwenye shafti, ule mti wa chuma unaopita chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Gurudumu la kushoto lilikuwa limejifunga kwa kugongwa.

"Moja likiwa limejifunga, hili jingine unalizungusha mara mbili ndipo upate mzunguko mmoja wa kweli," alisema. "Konstebo, zungusha taratibu. Inspekta, wewe hesabu shafti."

Senyagwa akapiga magoti. Moja. Mbili. Tatu. Na nusu.

"Tatu na nusu," alisema.

Timotheo akakaa juu ya ndoo. "Basi hii siyo difu yake."

"Nieleze kama mtoto, mzee."

"Unaiona hii nundu katikati ya ekseli? Ndiyo difu. Ndani yake mna gia mbili. Ndogo inazungushwa na shafti, kubwa inazungusha magurudumu. Kubwa ikiwa na meno mengi, shafti itazunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari la hivyo linaondoka kwa nguvu na kupanda popote, lakini mbio halina. Meno yakiwa machache, gari linakimbia kwenye lami, ila kuliondoa mahali lilipo, tena likiwa kuukuu kama hili na kwenye mwinuko, ni kulibembeleza."

"Kama sahani ya nyuma ya baiskeli."

"Hivyo hivyo. Gari hili lilikuwa la shamba. Shafti yake ilikuwa ikizunguka karibu mara tano kasorobo. Nimelifungua kwa mikono yangu si chini ya mara sita. Hii mnayoiona hapa ni difu ya gari la mjini."

"Na maili?"

"Kebo ya kihesabu maili imefungwa huku mbele, kwenye gia-boksi. Inahesabu shafti, haina habari na magurudumu. Shafti ikizunguka mara chache, maili nazo zinapungua. Arobaini inakuwa thelathini."

Senyagwa alisimama.

"Ifungue," alisema.

Kati ya nundu na kifuniko chake fundi huweka gasketi, karatasi nene ya kuzuia oili isivuje. Gasketi za dukani zilikuwa zimeadimika nchi nzima, na kila fundi alikata zake kwa mkasi kutoka popote alipopata karatasi ngumu. Hii ilikuwa imelowa oili, lakini Timotheo alipoinua kwenye mwanga, herufi zilionekana. Upande mmoja ilisomeka ILI 1974. Chini yake palikuwa na safu ya tarehe, Jumapili zimepigwa rangi nyekundu, na nusu ya msalaba.

"Kalenda ya kanisa," alisema Marko.

"Aprili," alisema Senyagwa.

*

Jumatano asubuhi walikuwa Mikumi. Malori ya Zambia yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara kuu, utingo wakinywa chai na chapati chini ya maturubali. Gereji ya ushirika ilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni. Stefano alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, na alikuwa amekwisha kusikia habari. Macho yake yalionyesha kwamba hakuwa amelala.

"Ndugu Stefano, pikapu ya Tindiga uliifanyia nini?"

"Nilifungua injini. Nikabadilisha ringi, nikafunga."

"Difu?"

"Sikuigusa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Senyagwa hakumkazia macho. Alizunguka gereji akitazama ukuta: mikanda ya feni, tairi, plagi za injini zilizopangwa kwenye kibao. Kwenye msumari juu ya meza ya kazi ilining'inia kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita. Akaifunua. Januari. Februari. Machi. Mei.

"Aprili iko wapi?"

Inspekta akatoa bahasha, akaitandaza gasketi juu ya meza. Harufu ya oili ikapanda. "Hii imetoka kwenye difu ya Tindiga. Naona mwaka mzima umeutunza, ukatumia mwezi mmoja tu. Kwa nini huo?"

Fundi alikaa chini polepole, kwenye tairi. Wakati huo lori lilipita nje likitetemesha mabati, na wote watatu wakangoja lipite.

"Kwa sababu sikutaka kuuona," alisema Stefano.

"Kulitokea nini mwezi huo?"

"Alikufa Elizabeti, mke wangu. Kwenye kona ya saba."

Marko akafungua kijitabu. Senyagwa alimwonya Stefano kwamba si lazima aseme neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Stefano alitikisa kichwa kama mtu anayemfukuza nzi, akasema yote.

Kwao kulikuwa Lugawilo, milimani nyuma ya Mikumi. Kule kulikuwa na zahanati ya misheni na mwuguzi mmoja, Costancia. Ili kumfikisha mgonjwa hospitali, gari lilipaswa kwanza kuupanda mgongo wa mlima, kona tisa za udongo mwekundu, ndipo literemke. Zahanati ilikuwa na pikapu, ya aina moja na ile ya Tindiga, ila hiyo iliwahi kuwa gari la ofisi Dar es Salaam. Kiangazi ilijitahidi. Masika ilifika kona ya tano, ya sita, pengine ya saba, ikakata pumzi.

"Masika yaliyopita walikufa wanne," alisema. "Elizabeti alikuwa wa tatu. Niliendesha mwenyewe. Mimi ni fundi, Inspekta. Nilikuwa naisikia injini inataka kwenda, nguvu ipo, ila difu haiipokei. Nililijua gonjwa la gari lile wakati mke wangu anatokwa damu nyuma yangu, na sikuwa na dawa yake."

"Hamkuomba difu?"

"Costancia ameandika barua tatu wilayani. Ya kwanza walijibu subirini. Ya pili wakajibu subirini. Ya tatu hawajajibu."

"Ndipo ukaiba ya Tindiga."

"Sikuiba. Nilibadilishana. Kila gari lilibaki na difu." Aliinua uso. "Ya kwao ni ya shamba, na wao wako tambarare. Magari yote mawili yalikuwa humu siku moja. Nikasema, Mungu ameyaleta. Nilifanya kazi mchana kutwa, nikamaliza."

"Kwa nini hukumwambia Yohana?"

"Yohana ni mtu mwema, angekubali. Kisha angepeleka kwenye kamati ya kijiji. Kamati ingepeleka kata, kata ipeleke wilaya. Masika yanaanza Machi, Inspekta. Masika hayangojei vikao."

"Ukamdanganya kwamba injini haijazoea."

"Nilimdanganya."

"Hukujua habari za tuta?"

"Tuta gani? Mimi nimezaliwa mlimani. Kwangu Tindiga yote ni sahani. Nilijua watakwenda pole pole mashambani na mpunga wao, basi. Sikujua kwamba wana mlima."

"Wanao mmoja," alisema Senyagwa. "Nimeupima kwa kamba. Futi kumi na mbili."

Stefano akafunika uso kwa mikono yenye oili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemgusa. Senyagwa alitazama msumari wa kalenda. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa milimani, upande wa Mamboya, na mama yake mdogo alifia njiani juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wamembeba. Laiti mhalifu huyu angekuwa mlevi au mchoyo, kazi ingekuwa nyepesi.

Fundi alipoweza kusema tena, hakujiombea.

"Nifungeni. Miaka yoyote mtakayotaka. Difu iacheni kule."

"Ni kielelezo."

"Andikeni namba zake. Pigeni picha."

"Stefano, Yohana amekiri. Amekiri kwa maandishi kwamba kosa ni lake. Ili hakimu amwachie, lazima aione difu ya kweli ya Tindiga, na aambiwe ilikutwa wapi. Nikienda na picha, watasema nimetunga hadithi ili kumwokoa."

"Kwa hiyo ni yeye au wao."

Senyagwa alitaka kumwambia kwamba sivyo. "Simama," alisema. "Marko, mfunge pingu."

*

Alhamisi walipanda Lugawilo na mzee Timotheo, kwa Landrova ya polisi. Senyagwa alihesabu kona. Kwenye ya saba palikuwa na msalaba mdogo wa mbao, na kando yake palikuwa na misalaba mingine miwili.

Costancia aliwapokea mlangoni mwa zahanati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alisoma hati ya kuchukua kielelezo tangu mwanzo hadi mwisho, akairudia.

"Ulijua?" aliuliza Senyagwa.

"Nilijua gari limeanza kupanda. Sikuuliza kwa nini. Nilimshukuru Mungu, nikanyamaza." Alimrudishia karatasi. "Tangu Jumamosi limewavusha wawili, Ndugu Inspekta. Wote wazima. Mmoja mtoto wake amemwita Stefano."

"Nasikitika, Sista."

"Hamwezi kutupa ile ya zamani, basi? Hata kama ni mbovu, kiangazi inafaa."

"Nayo ni kielelezo. Zote mbili lazima zifike mahakamani."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kesi iishe."

Hakubishana. Alivuta benchi, akakaa kutazama. Timotheo alizungusha gurudumu kwanza, kama sheria ilivyotaka, na Marko akahesabu kwa sauti: nne, na karibu tano. Kisha mzee akalala chini ya gari na kuanza kufungua. Watu walikuja kutoka mashambani, wakasimama na majembe begani. Kazi ilipokwisha, pikapu ilibaki juu ya mawe manne, nyuma imeachama. Timotheo hakupokea chai aliyopewa. Wakati wa kuondoka mwanamke mmoja aliwauliza kama watairudisha kabla ya mvua, na Inspekta Senyagwa, ambaye hakuzoea kusema uongo, alimjibu kwamba watajitahidi.

*

Ijumaa saa nne hakimu aliziona difu mbili mezani, akamsikiliza mzee Timotheo, akasoma daftari la safari na maelezo ya Stefano. Yohana akaachiwa huru. Stefano akasomewa mashtaka ya wizi na ya kuua bila kukusudia, akajibu kwamba ni kweli. Lakini maneno aliyoyatumia kuhusu wizi yalionekana kukana kosa, kwani alisisitiza kwamba alibadilishana. Kesi ikapangiwa tarehe ya kusikilizwa.

Senyagwa alimkuta Yohana nje, amesimama karibu na ukuta kama mtu asiyejua aende wapi. Mwanakheri alikuwa amemletea kiatu cha pili.

"Ulihesabu sawa, Yohana," Inspekta alimwambia. Alikuwa amengoja siku nne kuyasema maneno hayo. "Hukumkosea mkeo. Kwenye kumi na tano ulipaswa uwe ng'ambo."

Yohana aliinama akavaa kiatu. Alichukua muda mrefu kufunga kamba.

"Fundi alifanya kwa ajili ya nini?" aliuliza.

Senyagwa akamweleza. Hakuficha kitu: Elizabeti, kona ya saba, barua tatu, wanawake wawili waliovushwa.

"Na difu yetu iko wapi sasa?"

"Stoo ya polisi."

"Na kule mlimani, watapanda na nini?"

Inspekta alitazama upande wa milima.

"Wamevuka wawili," alisema Yohana taratibu. "Ningejiambia, basi, Magreti amekufa lakini wamevuka wawili, na masika wangevuka wengine. Ningepata kitu cha kushika. Sasa mmekichukua mkakifungia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Senyagwa zaidi. "Ungeniacha na hesabu yangu mbaya, Afande. Mimi nilikuwa tayari."

Akaondoka na Mwanakheri kuelekea barabara ya Tindiga, kwa miguu, maana kijiji hakikuwa na gari tena.

Mvua ilianza Jumanne iliyofuata. Kesi iliahirishwa mwezi Machi kwa sababu hakimu alihamishwa, na ikaahirishwa tena mwanzoni mwa Aprili kwa sababu wa kumrithi hakuwa amefika. Difu zilikaa stoo, kila moja na karatasi yake ya namba, na kutu ikaanza kuingia kwenye meno.

Tarehe kumi na moja Aprili ilifika barua kutoka Lugawilo, mwandiko wa Costancia. Haikulalamika. Iliuliza kesi itasikilizwa lini, kisha ikataja majina mawili, umri wa kila mmoja, na kona alikofia: mmoja ya tano, mmoja ya saba, wote wakiwa wamebebwa kwa kitanda. Senyagwa aliisoma amesimama. Akalifungua jalada la kifo cha Magreti, akaitia humo, kwa sababu hakuwa na jalada jingine la kuitia.